Mashahidi Wanne wa Namba ya Ukingo

Mtu mzima akianza kuisujudia tarakimu, mwache. Akili yake imeshahama, kilichobaki ni kofia. Ndivyo Nakijwa alivyojisemea kila Siku ya Kufika, akiwa amekaa kwenye kigoda chake mbele ya Kinu, mashine ya kuzungushia namba, huku watu wa Ukingo wakiingia ukumbini na nguo za kupigwa pasi kama wanakwenda kuposa.

Ukingo ni mji wa shimoni huko Mirihi, umejibana chini ya kuba la vioo kama kuku aliyefunikwa tenga. Kwenye ukuta wa mbele wa ukumbi kulikuwa na bamba la shaba, na juu ya bamba Namba yenyewe, kila tarakimu kubwa kama kichwa cha mtoto:

3,215,031,751

Wanaume waliipita wakivua kofia. Wanawake waliipita wakishusha sauti. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeibusu tarakimu ya mwisho, ile moja, kila mwaka, mpaka shaba ikang'aa mahali pale kama upara. Nakijwa alimtazama akifanya hivyo akawaza kwamba kama mzee yule angembusu mkewe nusu ya hapo, mke asingehamia kwa dada yake.

Yeye alikuwa Mpimaji. Alisoma kuliko wote mjini, na kusoma huko kulimpa ulimi mchungu. Hakumdharau kila mtu kwa kipimo kimoja, la. Kila mmoja alimpa stahili yake. Fungu kubwa lilimwendea Daktari Chediel, Mkuu wa Namba, aliyekuwa amesimama chini ya bamba akikohoa kikohozi cha hotuba.

"Ndugu zangu! Namba yetu ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Waanzilishi waliisimamisha mbele ya mashahidi wanne, Mbili, Tatu, Tano na Saba, na wote wanne wakaizunguka wakafika Moja. Na shauri lenye mashahidi wanne..."

"Limekwisha!" ukumbi ukaitika.

"Limekwisha," akasema Nakijwa pia, kama mtu anayetema mbegu ya tikiti.

Usiwacheke haraka, lakini. Walikuwa na sababu. Zamani mji ulikuwa na pampu tatu za hewa, Pampu ya Juu, ya Kati na ya Bonde, kila moja na ukoo wake, na koo hizo ziligombana mpaka zikafungiana mabomba. Watu walikufa vitandani, midomo imekuwa ya bluu. Bibi yake Nakijwa alitambaa juu ya majirani zake kuufikia mlango. Waliobaki wakasema: tutafute kitu kisicho cha ukoo wowote, tukiapie. Wakaichagua Namba. Kama isivyogawanyika, nasi hatutagawanyika. Pampu zikaunganishwa. Kila mtoto akapewa namba yake kwa kufuata zamu ya kuzaliwa, na akifika umri wa kubeba mtungi wa hewa peke yake, anapigishwa magoti mbele ya Kinu, namba yake inazungushwa kwenye Namba. Akifika Moja, ni mtu wa mji. Asipofika, kasoro ni yake.

Na kuigawa Namba? Kosa la kutolewa nje ya kuba. Shuleni watoto walifundishwa kugawanya namba zote duniani isipokuwa Namba yenyewe.

Siku hiyo aliyepiga magoti alikuwa Nambua, binti wa marehemu kaka yake. Nakijwa ndiye aliyemlea. Asubuhi walikuwa jikoni wakichambua maharage ya makande, na msichana akauliza, "Shangazi, hiki Kinu kinanifanya nini hasa? Maana huko shuleni wanatuimbisha tu."

"Chukua maharage saba. Hiyo saba ndiyo Namba. Wewe ni tatu. Jizidishe."

"Tatu mara tatu, tisa."

"Imezidi. Vua saba."

"Mbili. Mara tatu, sita. Mara tatu, kumi na nane... navua saba, navua saba, inabaki nne. Kumi na mbili, inabaki tano. Kumi na tano, inabaki... moja!"

"Ukihesabu na ile tatu ya mwanzo, hatua sita. Saba kasoro moja, umefika. Na ungekuwa mbili, au tano, ungefika vilevile. Namba ikiwa tasa, yeyote aliye mdogo kuliko yenyewe lazima afike. Wala si baraka, usidanganywe na hotuba zao. Ndivyo zilivyo."

"Sasa kama lazima afike, mbona wengine hawafiki?"

Nakijwa aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Wasiofika hawafiki," akasema.

Jibu hilo lingetoka kinywani mwa Chediel, angelicheka wiki nzima.

"Nambua Eliamani!" akaita Chediel sasa. "Elfu tatu, mia tisa, ishirini na sita!"

Nakijwa akapanga magurudumu: tatu, tisa, mbili, sita. Kinu kilikuwa cha chuma kitupu, kwa kuwa vumbi la Mirihi lilikuwa limekula zamani kila chombo chenye akili. Akashika mpini akazungusha. Meno yakatafuna. Kinu hakikwenda hatua moja moja, maana hapo mtu angezeeka kwenye kigoda. Kiliruka maradufu kwa maradufu, kila namba ilipovimba kupita Namba kikaivua, kikaendelea na baki. Kikagonga kengele. Vidirisha kumi vikafunguka. Vilitakiwa kuonyesha sifuri tisa, na mwishoni moja.

Havikuonyesha hivyo.

Sasa, kuna kitambaa cheusi kinachokaa kwenye paja la Mpimaji. Baki la asiyefika halisomwi. Linafunikwa papo hapo, na namba ya mtu huyo haitajwi tena na yeyote, hata mama yake. Kulisoma ni kama kuchungulia uchi wa mkwe. Nakijwa alikuwa amekirusha kitambaa hicho juu ya watoto wa wenzake kwa wepesi wa mtu anayefunika chakula nzi wasitue, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusoma hata tarakimu moja. Lakini mara hii mkono ulimganda, na macho, yakikosa pa kwenda, yakasoma.

2,150,451,702.

Chediel akakohoa. Kitambaa kikaanguka.

"Hakufika," Nakijwa akasema, na sauti ikatoka kwake kama ya mtu mwingine.

Nambua alibaki magotini. Kesho yake angeshushwa kwa mnyororo mpaka Chini, kwenye mahandaki ya barafu, akavunje barafu ya kujaza ndiva, bwawa la mji, na asipande tena. Walio Chini huvuta unga wa barafu na kutu mpaka mapafu yawe kama nguo iliyoliwa na nondo.

"Shangazi," msichana akanong'ona, "nimeacha makande motoni."

*

Kesho yake asubuhi Nakijwa alishuka kwanza yeye. Alimwambia mlinzi wa roda ya mnyororo kwamba anataka kuona mahali mtoto atakapolala, na mlinzi, ambaye hakuwahi kuona Mpimaji akitaka kuona lolote, alimshusha ndani ya pipa bila swali.

Sauti ilimfikia kabla ya baridi. Tangu utoto alikuwa amezoea kuisikia ikipanda kupitia wavu wa sakafu ya ukumbi, mdundo wa mbali wa nyundo na watu, na mji mzima uliiita kelele za wasiofika. Juu haikuwa na maneno. Huku ilikuwa nayo. Mmoja aliongoza, wengine wakapokea, nyundo zikashuka pamoja:

"Mbili, moja, tano!"

"Sifuri, nne!"

"Tano, moja, saba!"

"Sifuri, mbili!"

Pipa liligusa chini, naye hakutoka. Alishika ukingo wake kwa mikono miwili: hizo zilikuwa tarakimu alizozisoma jana.

"Ehee!" akasema aliyekuwa akiongoza, mzee asiye na meno ya mbele, ndevu zimeganda. "Mpimaji! Leo umejipima mwenyewe, au umepotea njia ya chooni?"

"Nani amewafundisha wimbo huo?"

"Shikamoo hupokei, unauliza wimbo."

"Hujanipa shikamoo."

"Na sitakupa. Naitwa Senkondo. Karibu, utakaa juu ya barafu, viti vimekwenda kupigwa pasi."

Wenzake wakacheka, wakikohoa. Nakijwa akatoka kwenye pipa. "Mzee Senkondo, nakuuliza kwa adabu. Zile tarakimu zimetoka wapi?"

"Hiyo adabu imechelewa, lakini haya. Ni baki langu."

"Baki halisomwi."

"Na nyinyi mliosimama! Sisi tulikuwa tumepiga magoti, mama. Kitambaa chenu kinafunika kwa juu. Ukiwa magotini unaona kwa chini yake, vidirisha vyote kumi, waziwazi kama meno ya punda." Akaonyesha kwa nyundo. "Langu hilo. La huyu mama hilo hilo. La yule kijana aliyeshuka juzijuzi hilo hilo. Mlitugawia namba mbalimbali, tukaishia baki moja. Ndiyo maana huku tunaitana ndugu. Isipokuwa wale wawili pale pembeni, wao wana baki lao. Wanaringa nalo sana."

Mmoja wa wale wawili akainua mkono kwa madaha.

"Na hamkujiuliza maana yake?"

"Maana yake ni kwamba nyundo zinashuka pamoja. Wimbo wa kazi unataka maana gani nyingine?"

Nakijwa alichukua nyundo ya mtu, akageuza ncha, akachuchumaa, akaanza kuchora kwenye barafu. Kuigawa Namba kulikatazwa. Lakini wajinga walioandika sheria hawakukataza kutoa, na kila aliyekaa darasani anajua kwamba namba mbili ukizitoa moja kwenye nyingine, ndogo kwenye kubwa, tena na tena, mwisho hubaki kile kigawo kikubwa wanachoshirikiana. Kwa namba tasa na baki lolote dogo kuliko yenyewe, mwisho huo ni moja tu. Hakuna mwisho mwingine.

Akaitoa 2,150,451,702 kwenye Namba. Ikabaki 1,064,580,049. Akaitoa hiyo mara mbili kwenye baki. Ikabaki 21,291,604. Akaitoa hii mara arobaini na tisa kwenye ile iliyotangulia, akijaza barafu kwa tarakimu mpaka vidole vikafa ganzi. Ikabaki 21,291,453. Tofauti ya hizo mbili mtoto angeiona.

151.

Akaishusha 151 ndani ya 21,291,453, mara laki moja na arobaini na moja elfu na tatu. Ikaingia yote. Hakikubaki kitu. Mwisho ulikuwa 151, si moja: Namba ilikuwa na kigawo.

"Mzee Senkondo," akasema, bado amechuchumaa. "Namba yako ilikuwa ngapi?"

Juu, swali hilo lingemtoa mtu machozi ya aibu. Senkondo alijikuna ndevu. "Mia sita na nne."

Mia na hamsini na moja, mara nne.

"Na wewe, mama?"

"Elfu mbili, mia nne, kumi na sita."

Mara kumi na sita. Na Nambua, mara ishirini na sita. Wale wawili wa pembeni bila shaka walikuwa wa kigawo kingine. Kila mtoto wa mia na hamsini na moja aliyezaliwa Ukingo alikuwa ameshushwa na mnyororo ule, na kwa kuwa namba zao zilikuwa aibu kutajwa, hakuna aliyewahi kuziweka mbili pamoja. Mtu angeziweka mbili tu! Wasomi wote wale, na yeye akiwa mbele yao na kitambaa pajani.

"Mpimaji analia," akasema Senkondo, si kwa upole. "Yataganda hayo, mama. Yafute."

*

Daktari Chediel alikuwa akichovya biskuti kwenye chai. Aliisikiliza habari yote bila kuacha kuchovya, na biskuti ya mwisho ikakatikia kikombeni.

"Mashahidi wanne," akasema, akiiopoa kwa kijiko.

"Mashahidi wanne waliochaguliwa na nani? Daktari, kuna namba chache zisizo tasa zinazojua kujifanya tasa. Nadra, lakini zipo. Umletee shahidi yeyote asiye na undugu nayo, atazunguka na kufika Moja, atakuapia kwamba ni safi. Ungeleta mashahidi elfu wa namna ile wangesema hivyohivyo. Anayeweza kuifichua kwa kipimo hiki ni ndugu yake tu, mwenye kigawo kimoja nayo. Huyo hafiki Moja kamwe. Huyo ndiye shahidi mkweli. Na sisi tunamfunika kitambaa na kumtupa shimoni."

"Waanzilishi..."

"Waanzilishi waliuliza wanne wakaenda kula. Kwa kesi ya mpaka wa shamba inatosha. Namba haina habari na mila zenu za mipaka."

"Punguza sauti."

"Nitapunguza ukianza kusikia."

Chediel akasogeza kikombe. Alipozungumza tena hakuwa mtu wa hotuba, na hilo lilimuudhi Nakijwa zaidi, kwa sababu ilibidi amsikilize. "Tuseme ni kweli. Bibi yako alitambaa juu ya maiti. Wa kwangu alikuwa mmoja wa hizo maiti. Watu hawa hawapendani, Nakijwa. Kinachozuia mkono wa Pampu ya Juu usiguse bomba la Bonde ni kiapo kimoja tu, na kiapo kimekalia bamba lile. Leo uwaambie inagawanyika, kesho una pampu tatu. Wa Chini hawafiki arobaini. Juu kuna maelfu. Wewe ndiye fundi wa hesabu, hesabu."

Nakijwa alitafuta tusi, hakulipata.

"Binti yako atafika," Chediel akaendelea, kwa upole wa mtu anayemlainisha ng'ombe kabla ya kumfunga. "Baada yake alizaliwa kichanga, akafa kabla ya jina. Elfu tatu, mia tisa, ishirini na saba. Namba imelala bure. Nitatangaza Kinu kilikwama, tupime tena mchana huu. Gurudumu moja, jino moja. Nani atajua?"

Na kweli, alilijaribu kichwani akiwa amesimama palepale. Ishirini na saba haikuwa na undugu na 151. Ingefika Moja kama mshale.

Alitoka bila kukataa.

Nyumbani Nambua alikuwa akikwangua sufuria. Makande yalikuwa yameungua chini, na alikuwa amekula ya juu yote, kwa hasira. Nakijwa alimweleza kila kitu, 151 na kichanga na pampu, kwa kuwa hakuwahi kumdanganya mtoto yule ila mara moja, asubuhi ya maharage.

"Kwa hiyo kasoro haikuwa yangu."

"Haikuwa yako."

"Na ya huyo mzee asiye na meno?"

"Wala yake."

Nambua alikwangua kidogo. "Nikivaa namba ya marehemu, shangazi, yule kichanga atakuwa nani? Na mtoto wa mia na hamsini na moja baada yangu, atakayempigisha magoti si ni wewe?"

"Unataka kushuka Chini?"

"Sitaki! Naogopa." Akaweka kijiko. "Lakini nisikilize. Wewe umewacheka watu hawa tangu nina meno ya maziwa. Mlangoni unawacheka, mezani unawacheka, usingizini nadhani unawacheka. Halafu kila mwaka unakwenda kukaa kwenye kigoda chao. Nani kati yenu ndiye mjinga?"

Nakijwa alitukanwa mara nyingi maishani na watu wakubwa. Hakuna aliyemfikia mahali pale.

*

Mchana ukumbi ulijaa kuliko jana, maana hakuna kinachowavuta watu kama aibu ya mwenzao inayorudiwa. Chediel alieleza habari ya Kinu kukwama. Wakamwamini. Walikuwa wameamini makubwa zaidi.

Nambua akapiga magoti. Nakijwa akapanga magurudumu. Tatu. Tisa. Mbili. Kwenye la mwisho akafika sita, na dole gumba likabaki juu ya jino, kati ya sita na saba. Macho ya Chediel yalikuwa juu ya dole hilo. Chini ya wavu wa sakafu nyundo zilikuwa zikipiga.

Akaiacha sita.

Akazungusha mpini. Kengele ikagonga, vidirisha vikafunguka, na kitambaa kikabaki pajani.

"Funika!" mtu akapiga kelele. Wanawake wakageuza nyuso.

"Mbili, moja, tano," Nakijwa akasoma kwa sauti ya darasani. "Sifuri, nne. Tano, moja, saba. Sifuri, mbili. Sasa nyamazeni. Nimesema nyamazeni! Kwa mara moja katika maisha yenu, sikilizeni sakafu."

Walinyamaza kwa mshtuko, si kwa utii. Na kutoka kwenye wavu, sauti waliyoisikia tangu kuzaliwa kwao ikapanda, na kwa kuwa sasa walikuwa wameshapewa maneno, wakayasikia: mbili, moja, tano, sifuri, nne.

"Kila aliyeshushwa anajua wimbo huo," akasema Nakijwa. "Namba mbalimbali, baki moja. Tazameni ninavyotoa. Sigawi, Daktari. Natoa tu."

Akapiga magoti kwenye sakafu kando ya Nambua, akachora kwa chaki, mistari ile ile ya kwenye barafu. Alipofika 151 aliandika kubwa. Walioenda shule walikuwa wa kwanza kubadilika rangi.

"Mashahidi wanne!" akapaza sauti Chediel. "Ndugu zangu, shauri lenye mashahidi wanne..."

"Lime..." ukumbi ukaanza kwa mazoea, ukakatika katikati kama kamba.

Kimya hicho kilikuwa kibaya. Nakijwa akaona kile Chediel alichokiogopa kikitokea mbele yake: watu wa Pampu ya Juu wakasogeleana, wa Bonde wakatazama mlango unaoelekea mabombani, mwanamume mmoja wa Kati akamshika mwanawe bega na kumvuta upande wake. Hakukuwa na neno la kusoma vitabuni kwa ajili ya hapo. Akafanya lililokuwepo mkononi. Akachukua kigoda, akakiweka chini ya bamba la shaba, akapanda na magoti yake yanayouma, akarusha kitambaa cheusi juu ya Namba.

"Haikufika," akasema.

Mzee wa kubusu akatoa mlio kama wa mtoto.

Halafu sauti ikatoka nyuma, nyembamba, ya bikizee wa Bonde aliyeitwa Mama Kiure. Nakijwa alimkumbuka. Kitambaa cha mwanawe kilirushwa na Mpimaji aliyetangulia, na tangu hapo mama huyu alikuwa akija kila Siku ya Kufika, anakaa nyuma, hasemi na mtu.

"Wangu," akasema, akavuta pumzi, kwa kuwa tarakimu hizo zilikuwa hazijapita mdomoni mwake tangu siku hiyo. "Wangu alikuwa elfu moja, mia nane, kumi na mbili."

"Mia na hamsini na moja mara kumi na mbili," akasema Nakijwa. "Hakuwa na kasoro, mama. Alisema kweli."

Mama Kiure hakulia. Alijifunga kanga kiunoni, akapita katikati ya wa Juu na wa Kati bila kuwaomba njia, akaenda mpaka kwenye roda, akaushika mnyororo akaanza kuvuta peke yake. Haukusogea. Roda ile ilitengenezwa kushusha watu. Kupandisha ilikuwa ni barafu tu, na kwa mikono mingi. Nambua akasimama, magoti yana chaki, akamfuata akashika nyuma yake. Kisha mtu wa Juu, ambaye dada yake alikuwa Chini. Kisha wawili wa Kati wasiokuwa na mtu Chini, lakini walioona haya kutazama.

"Msaragambo!" Mama Kiure akaita, mwito wa kazi ya wote, ule unaopigwa bwawa likibomoka, na mwito huo ukipigwa mtu hajiulizi ni wa pampu gani. Angalau hapo kale hakujiuliza. Wengine walikuja. Wengine walibaki wakitazama mlango wa mabomba, na Nakijwa akawaona, akazikariri sura zao. Kesho ingekuwa na kazi yake.

"Umetuua," Chediel akasema kando yake.

"Labda. Njoo ushike mnyororo, Daktari. Au mikono yako nayo ina mashahidi wanne?"

Hakuja. Alikaa kwenye kigoda cha Mpimaji, taratibu, kama mtu aliyesahau amekwenda chumbani kuchukua nini.

Pipa la kwanza lilitoka na mtu mmoja ndani, ndevu zimeganda, viganja juu ya macho kwa ajili ya mwanga. Senkondo alishuka kwa kusaidiwa. Akatazama watu waliojipanga kwenye mnyororo, chaki sakafuni, kisha ukutani, mahali palipofunikwa cheusi.

"Nani kafa?" akauliza.

"Hakuna," akasema Nakijwa, akishika mnyororo kwa pipa la pili. "Kuna mmoja tu, hakufika."

Senkondo akalitazama bamba. Akakohoa, akatema kutu pembeni.

"Pole zake," akasema, akasogea kuwapisha wenzake.